Dubai na mtoto: Jua la mchana lina sheria yake

Mgeni anayetoka Dar es Salaam hudhani joto analijua. Akitua Dubai mwezi Agosti, ndipo anapojua bado. Joto hupita nyuzi 40, na kwa kuwa jiji liko ufukweni, hewa ni nzito. Jasho linatiririka lakini halikauki, na lisipokauka mwili haupoi.

Jiji lenyewe limejipanga kulikimbia joto hilo. Treni zisizo na dereva, zilizoanza mwaka 2009, zina viyoyozi na sehemu ya wanawake na watoto. Vituo vingi vya basi vimezungushiwa vioo na kupozwa. Hata Burj Khalifa, jengo la mita 828, huingiwa kupitia ndani ya maduka ya Dubai Mall. Humo baridi ni kali, mtoto atahitaji sweta.

Hatari iko kati ya mlango mmoja na mwingine. Huko Deira, wanakonunua mizigo wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki, mitaa hutembewa kwa miguu. Mama anapopatana bei, mtoto aliyemshika mkono ananyamaza. Asidhani ametulia. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, na akiwa mdogo hajui kusema ana kiu.

Akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, aingizwe kwenye ubaridi, apunguzwe nguo, alowanishwe na anyweshwe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au kuzimia, asinyweshwe kitu. Ipigwe namba 998 ya gari la wagonjwa. Ndani ya treni ni marufuku kula wala kunywa, hivyo anywe kabla ya kuingia.

Ratiba nzuri ya mzazi tayari imeandikwa na serikali. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, kazi za juani husimamishwa kila siku kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00 alasiri. Ikiwa fundi mwenye misuli anaamriwa kuweka chini nyundo yake, mtoto wa miaka minne anatafuta nini nje?

Asubuhi mapema na jioni zinatosha. Jua likizama, familia hutoka, na boti za abra huvusha watu kwenye Creek kwa dirham moja tu. Upepo wa maji ukimpiga usoni, mtoto aliyelala mchana ataanza tena kuuliza maswali.