Carama: Mchango Huanza na Ujirani

Msafiri anayetoka katikati ya Bujumbura kwenda kaskazini huiacha nyuma mitaa mikongwe ya Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya baraza na soko tangu enzi za wakoloni. Huipita Ngagara, huipita mitaa yenye watu wengi ya Kamenge na Kinama, na hatimaye huingia Carama. Mashariki milima imesimama kama ukuta. Magharibi uwanda wa Imbo umetandazwa hadi mto Rusizi. Na kusini ndiko liliko ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi vumbi hutawala. Mvua zikianza, maji ya milimani hutafuta njia ya kwenda ziwani, na pasipo mtaro maji hayo hayabishi hodi.

Carama si mtaa wa mababu. Viwanja vyake vilianza kujengwa wakati mitaa ya jirani ilikuwa imekwisha kujaa. Kwa hiyo katika safu moja ya nyumba yaweza kukaa familia ya mwalimu aliyetoka Ngozi, ya askari aliyezaliwa Bururi, ya mchuuzi wa Muyinga na ya karani aliyekulia Buyenzi. Hawakuchunga mbuzi pamoja, wala wazee wao hawakuzikana. Wengine walikutana kwa mara ya kwanza siku walipokuwa wakishusha mabati na matofali. Hapo ndipo panapozuka swali: watu wa namna hiyo watachangishana vipi fedha kwa ajili ya mjane, mgonjwa, mtaro au darasa?

Swali hilo si la anasa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Zaidi ya watu 60 walikufa, na maelfu walibaki bila makazi. Mwaka mmoja kabla, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na wachuuzi wengi wakapoteza kwa siku moja mali ya miaka mingi. Siku kama hizo msaada mkubwa huja, lakini huja baadaye. Anayefika kwanza na blanketi, sufuria ya uji na nauli ya hospitali ni jirani. Na jirani hawezi kutoa kisichokuwepo. Mkono mtupu haulambwi.

Warundi si wageni wa jambo hili. Tangu zamani wanao ikibiri, yaani kulimiana na kujengeana kwa zamu. Pia wana desturi ya kuchangia harusi na misiba, ambapo kila atoaye hukumbukwa, naye hurudishiwa siku yake ikifika. Lakini desturi hizo zilisimama juu ya nguzo moja: watu walijuana. Katika mtaa mpya nguzo hiyo hainabudi kujengwa upya. Mbinu njema za kuchangisha katika Carama, na katika mtaa wowote unaofanana nayo, ni zile zinazowakutanisha majirani kabla ya kuwadai.

Mfano haupo mbali. Huko Kamenge kipo kituo cha vijana kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiitwacho Centre Jeunes Kamenge. Vita vya mwaka 1993 na miaka iliyofuata vilipoitenga mitaa ya kaskazini, kituo hicho kiliwakusanya vijana wa pande zote katika michezo, masomo na kambi za kazi. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Vijana hao wengi wao hawakuwa na fedha, bali walikuwa na mikono, na kwa kufanya kazi pamoja walipata imani ambayo fedha haiwezi kuinunua. Hivyo basi, kikundi kinachoanza bila senti kisione haya. Kianze kwa kazi. Asubuhi ya Jumamosi, ambayo kwa desturi hutengwa kwa kazi za maendeleo za pamoja, ndiyo mahali pazuri pa kufahamiana. Wanaozibua mtaro mmoja leo ndio watakaokubali kushika daftari moja kesho.

Sanduku la kufuli tatu

Baada ya kufahamiana, na lifuate sanduku. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na utaratibu huo umesambaa Afrika nzima. Katika Burundi vikundi hivyo hujulikana kwa jina la Kirundi la Nawe Nuze, maana yake, nawe uje. Watu wapatao 15 hadi 25 hukutana kila juma. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake, mbali na yule anayelitunza sanduku. Mwisho wa mwaka akiba hugawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mmoja.

Kando ya akiba upo mfuko wa jamii, na huo ndio unaohusu habari yetu. Tuchukue hesabu ndogo. Wanachama 25 wakitoa kila mmoja faranga 200 kwa juma kwa ajili ya mfuko huo, hupatikana faranga 5,000 kwa juma, na faranga 260,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazijengi shule, lakini humpeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane bila mtu kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba. Haba na haba hujaza kibaba.

Jiko, jogoo na miguu

Mfuko ukihitaji nguvu zaidi, kikundi kitoke nje kwa wasio wanachama. Hapa wengi hukosea kwa kuwapelekea watu bahasha tupu. Ni afadhali kumpa jirani kitu anachokitaka, naye akilipe kwa moyo mweupe.

Njia ya kwanza ni jiko. Akina mama wakipanga siku ya chakula, kila mmoja alete kitu badala ya fedha: huyu unga, yule mafuta, mwingine makaa, mwingine ndagala au majani ya sombe. Kwa kuwa vifaa vimechangwa, kila faranga ya mauzo huingia katika mfuko. Waliokuja kula watakaa benchi moja na watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakiwasalimu kwa mbali tu. Faida hiyo haiandikwi daftarini, lakini ni faida.

Njia ya pili ni mnada. Katika makanisa na mikutano mingi ya Afrika Mashariki jogoo mmoja huuzwa mara nne au tano. Anayeshinda hulipa, kisha humrudisha jogoo mezani auzwe tena, huku watu wakicheka na kupandishiana bei. Kikapu kilichosukwa vizuri, mkungu wa ndizi au kitambaa kilichotariziwa chaweza kufanya kazi hiyohiyo. Bahati nasibu ni jambo jingine. Isichezeshwe pasipo kibali.

Njia ya tatu ni miguu. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, Tanzania, umeandaa safari za kupanda mlima Kilimanjaro ili kukusanya fedha za kupambana na UKIMWI. Wapandaji hutoa jasho, na wahisani hutoa fedha. Carama haina Kilimanjaro, lakini vijana wake wanaweza kufanya mashindano ya mpira au matembezi ambayo kila mhisani huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Hata hivyo watunze sheria. Mwaka 2014 serikali iliwekea masharti mbio za vikundi katika mji wa Bujumbura, na mwaka 2017 ilitolewa amri ya rais iliyoweka kibali na malipo kwa wanaotaka kupigiwa ngoma za jadi katika sherehe. Anayepanga shughuli kubwa aanze kwa mkuu wa mtaa, aulize, kisha ndipo atangaze.

Njia ya nne ni simu. Mwaka 2011, ukame ulipoitesa Kenya, wananchi na makampuni waliombwa kuchanga shilingi milioni 500 katika majuma manne. Kiwango hicho kilipitwa kabla ya muda kwisha, na wengi walituma vijisenti vyao kwa simu. Burundi nayo ina huduma za kutuma fedha kwa simu, kama vile Lumicash. Ndugu aliye kazini mkoa wa mbali, au askari aliye katika ulinzi wa amani ng'ambo, anaweza kushiriki kwa njia hiyo. Jambo moja tu lizingatiwe: namba ya kupokelea iwe ya kikundi na ijulikane na wote, na kila kinachoingia kisomwe kikaoni.

Sare ibaki nyumbani

Katika Carama, kama katika mitaa mingi, wamo askari na polisi, na familia zao ni sehemu ya vikundi hivi. Ushiriki wao ni neema, kwa kuwa wamezoea nidhamu na kutunza wakati. Lakini mchango unaoombwa na mtu aliyevaa sare huonekana kama amri hata kama aliyeuomba ana nia njema. Atoaye kwa hofu hutoa mara moja, kisha hujificha. Kenya ilijifunza jambo hili. Wito wa harambee uliotolewa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1963 ulijenga shule na zahanati nyingi, lakini kadiri miaka ilivyopita malalamiko yaliongezeka kuhusu shinikizo la wenye vyeo. Ndipo sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawazuia watumishi hao kutumia ofisi zao kuchangisha. Basi mwenye sare aje kikaoni kama baba Fulani au mama Fulani, atoe sawa na wenzake, na asikabidhiwe kazi ya kupita milangoni.

Lipo na jambo la mwisho, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote: hesabu. Kikundi kikichangisha kwa ajili ya mtaro, mtaro uonekane. Kikichangisha kwa ajili ya mgonjwa, risiti ya hospitali isomwe, na kilichobaki kitajwe hadharani, hata kama ni faranga 500. Mtaa uliodanganywa mara moja hautoi mara ya pili, na katika mtaa mpya, ambako watu bado wanapimana kwa macho, kosa moja dogo huwarudisha wote nyuma ya mageti yao.

Maji ya milimani yatashuka tena, kwa maana hiyo ndiyo njia yao. Kama yatakuta mtaro uliochimbwa, sanduku lenye akiba na majirani wanaoitana kwa majina, au kama yatakuta nyumba zilizojipanga tu kando ya barabara, ni jambo linaloamuliwa wakati huu wa jua, kwa faranga 200 za kila juma na saa moja ya kukaa pamoja. Jirani asingoje maji yaingie ndipo aulize jina la mwenzake.