Mnyororo Ukutani

Mdogo wangu alipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka jana, nyumbani kwetu Magomeni tulipika pilau. Siku ya tatu nilimkuta uani, machozi yanamlengalenga, daftari limefungwa. Alikuwa akifikiria kuomba kozi nyingine.

Kisa chake, ndugu msomaji, kilikuwa mada moja tu ya hisabati: fanksheni za haiperboliki. Shuleni kwao mwalimu alihama katikati ya mwaka, mada ikarukwa. Mimi niliyekimbia hisabati nikakimbilia kalamu nilimjibu kijuujuu, "Si watakufundisha huko huko?"

"Na wakidhani tunazijua, kaka, nitamwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Baba alishauri hesabu ziachwe, akasaidie dukani kwa shangazi mpaka chuo kifunguliwe.

Akaanza mwenyewe, kila jioni baada ya kuosha vyombo, kwa kitabu cha kuazima. Majuma mawili ya kwanza yalikuwa hasara tupu. Alizichukulia koshi na shaini kuwa ni zile kosaini na saini za sekondari, akajumlisha vipeo vyake vya pili ili apate moja, jibu likakataa. Usiku aliogundua kwamba hapa mtu hajumlishi bali hutoa, alinigongea mlango saa saba. Nilimfokea; leo naona haya.

Lakini lililomfungua macho ni mnyororo wa geti. Kitabu kilieleza kwamba mnyororo ulioshikwa ncha mbili na kuachwa uning'inie hujipinda kwa umbo la koshi, fumbo ambalo Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli walilifumbua mwaka 1691. Akataka kuliona kwa macho yake. Akachukua 2.718, namba iliyo msingi wa hesabu hizi, na 0.368, ambayo ni moja gawanya kwa namba hiyo. Akizijumlisha na kugawa kwa mbili, hupata 1.543, akitoa ndogo katika kubwa, hupata 2.35.

"Misumari miwili kwa usawa, mita 2 kati yake," akasema. "Mnyororo tuukatie kwenye mita 2 na sentimita 35. Katikati utashuka sentimita 54. Shika hapa, kaka."

Nilishika. Tukaazima tepu ya fundi cherehani wa jirani, nikapima mwenyewe: sentimita 54, na unywele. Mama alitoka jikoni akauliza ni nani atakayeziba matundu yale ukutani. Baba hakusema neno. Alivaa miwani, akanipokonya tepu, akapima tena.

Binti yuko chuoni sasa, na mnyororo umerudi getini. Misumari bado ipo. Mmoja Mama anatundikia ungo.