Koili Juu ya Sufuria

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2009. Ilikuwa ya Kichina, injini ya 125cc, tanki jekundu lenye mchoro wa tai. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa pikipiki zenye injini chini ya 250cc, na haukupita muda kila njia panda ya Gusii ikapata steji yake. Zamani, kwetu Kebirigo, pikipiki ilikuwa ya afisa wa kilimo, ya padri, au ya mtu wa kiwanda cha chai. Ilisikika ingali kilima cha pili, na watoto walimtaja mwenyewe kabla hajatokea. Ghafla zikawa nyingi kiasi kwamba hakuna mtoto aliyejisumbua kugeuza shingo.

Pikipiki zilikuja kwa wingi, ila mafundi wake hawakuja nazo. Waliozitengeneza miaka ile ya mwanzo walikuwa jana yake wakiziba pancha za baiskeli au wakisaidia kwenye gereji za matatu. Siwalaumu. Hakuna aliyewafundisha, na kazi iliwajia yote kwa mkupuo mmoja.

Yangu ilinisumbua baada ya miezi saba. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa kiki moja na kwenda vizuri kabisa. Nikishabeba abiria wawili watatu, au mikungu ya ndizi ya kupeleka Daraja Mbili pale Kisii, na jua likiwa limepanda, ilianza kukohoa kwenye mwinuko kisha ikazima. Unapiga kiki hadi kifundo cha mguu kinavimba, haiitiki. Unaisukuma kando, unakaa chini ya mti kwa nusu saa, unapiga kiki moja, inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Inakwenda kilomita nne, inazima tena.

Fundi wa kwanza alisema ni kabureta. Akaifungua, akapuliza jeti kwa mdomo, akairudisha. Nikalipa. Siku hiyo haikuzima, maana ilikuwa imepoa alipokuwa akiitengeneza, nami nikaamini imepona. Kesho yake ikazima palepale. Fundi wa pili akabadilisha plagi. Wa tatu akasema injini imechoka, inataka oveholi, akaweka pistoni mpya na ringi mpya, na kwa kazi hiyo niliuza mbuzi wawili wa mama yangu. Ikazima na pistoni yake mpya. Wenzangu wa steji nao walikuwa na dawa yao: kuchota maji mtaroni na kuimwagia injini. Inafuka moshi mweupe, inapoa haraka, inawaka. Nilifanya hivyo mara nyingi, na leo nikikumbuka silinda ile ikilia chini ya maji baridi, moyo unaniuma. Chuma chenye moto wa namna ile hakimwagiwi maji. Mapezi yake yanaweza kupasuka, na hedi inaweza kupinda hata gasketi ikashindwa kuziba.

Siku iliyonishinda ilikuwa ya mvua, katikati ya Nyamira na Kisii. Nilikuwa nimembeba mama mmoja na mtoto mwenye homa kali, wanakwenda hospitali. Tulipofika kwenye kilima ikakohoa. Nikajua. Nikapiga kiki, nikapiga, yule mama akanitazama bila hasira, akamfunga mtoto mgongoni vizuri, akaniambia, "Mwanangu, wewe baki na chombo chako, sisi tutembee." Akanipa hela zangu zote pamoja na za kipande ambacho sikumfikisha. Nilikataa, akaziweka juu ya tanki, akaondoka na mvua. Mpaka leo sijui yule mtoto alifikaje.

Wiki iliyofuata mtu wa steji ya Keroka, ule mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaupasua katikati, aliniambia niende kwa mzee mmoja hapo sokoni. Nikauliza ni fundi wa pikipiki? Akasema hapana, ni wa redio.

Mzee huyo alikuwa na kibanda chenye rafu zilizojaa redio za zamani zisizo na wenyewe. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kumwondolea kazi. Watu walisikiliza habari na mpira kwenye simu, redio ikiharibika inatupwa. Nilimweleza shida yangu nikitarajia anicheke. Badala yake aliniuliza swali ambalo mafundi wote watatu hawakuwahi kuniuliza: "Inapozima, kabla haijapoa, huwa unaangalia nini?"

Nikasema, "Tata, huwa nasubiri ipoe."

"Basi unangoja mwizi akimbie ndiyo uite majirani," akasema. Akanieleza kwamba redio nyingi zilizopitia mikononi mwake zilikuwa na ugonjwa huohuo: zinalia vizuri asubuhi, zikipata moto zinakata. Ukimletea ikiwa baridi, haoni kitu. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kuiacha ilie mezani kwake mpaka ikate, kisha anaipima hapohapo ikiwa na moto wake.

Akapanda nyuma na mkoba wake. Tukazunguka vilimani, mimi nikiombea izime, jambo ambalo sikuwahi kuliomba maishani. Ikazima. Mzee akashuka haraka kuliko umri wake. Kwanza akafungua kifuniko cha tanki na kutega sikio. Kimya. Alisema kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kwenye kifuniko kingekuwa kimeziba, tanki lingevuta hewa kwa sauti, kwa sababu petroli haiwezi kushuka bila hewa kuingia juu yake. Halafu akalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, petroli ikatiririka. Mafuta yapo. Akang'oa plagi kwa kitambaa, akairudisha kwenye kofia yake ya waya, akailaza juu ya hedi chuma kwa chuma, akanikinga jua kwa kofia yake na kusema piga kiki. Nikapiga. Tukaangalia ule mwanya mdogo. Hakuna cheche. Nikapiga tena mara tano. Giza tupu.

Kwa dakika kama tatu ugonjwa uliotafutwa miezi mitatu ulikuwa umefukuzwa kutoka kwenye kabureta, kwenye tanki na kwenye pistoni, ukabanwa kwenye umeme.

Mwenzangu wa Keroka aliyetufuata alikuwa na pikipiki ya aina hiyohiyo. Mzee akachomoa CDI ya pikipiki hiyo, kile kisanduku cheusi kinachoamuru cheche itoke wakati gani, akakichomeka kwangu. Bado giza. Akafanya vivyo hivyo kwa koili kubwa ya plagi. Bado. Akasema imebaki moja, koili ndogo inayokaa ndani ya kifuniko cha kushoto, ubavuni mwa sumaku inayozunguka, ambayo kazi yake ni kuijulisha CDI kwamba pistoni inakaribia kufika juu. Tukaisukuma pikipiki hadi sokoni.

Kilichofuata nimekisimulia mara nyingi, na sichoki. Tulipofika, injini ilikuwa imepoa. Akaitoa ile koili, kitu kidogo kama kidole gumba, akaishika kwa nyaya za mita yake. Mita yenyewe ilikuwa ya mshale, kioo kimepasuka pembeni. Mshale ukapanda na kusimama karibu na omu 200. "Hapa ni nzima," akasema. Ndipo akamwomba mama muuza chai wa kibanda cha jirani sufuria ya maji yanayochemka, akaifunika, akaweka ile koili juu ya kifuniko, nyaya za mita zikiwa bado zimeishika. Tukainama sote, na mama wa chai pia. Shaba ikipata moto huongeza ukinzani kidogo, kwa hiyo mshale ulisogea taratibu, nywele kwa nywele. Zikapita dakika nane au kumi. Mara mshale ukatetemeka, ukaanguka kushoto, ukalala. Uzi wa shaba mwembamba ndani ya koili ulikuwa umekatika mahali. Ukiwa baridi ncha zake zinagusana, ukipata moto zinaachana. Mzee akaichukua koili akaiweka juu ya jiwe la baridi. Punde mshale ukainuka wenyewe, ukarudi kwenye 200.

Yule mama wa chai alipiga makofi. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nawaza wale mbuzi wawili.

Koili mpya niliipata Kisii mjini kwa bei ambayo haikufika hata nusu ya mbuzi mmoja. Pikipiki haikuzima tena. Lakini mimi sikurudi steji moja kwa moja. Nilianza kupita kwa mzee kila Jumapili mchana, baadaye kila siku, na mwaka 2012 nikafungua gereji yangu.

Tangu hapo nimeona sababu nyingi za pikipiki kuzima ikipata moto, na koili ni moja tu. Inayonijia mara nyingi kuliko zote ni tapeti zilizobana. Injini nyingi za Kichina za 125cc zimeigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo mwanya wa vali zake ni milimita 0.08, unaopimwa injini ikiwa baridi. Fundi akikaza kwa kusikiliza tu, ili kelele iishe, mwanya unatoweka. Vyuma vikitanuka kwa moto vali haifungi sawasawa, mgandamizo unapotea. Ukipiga kiki mguu unazama kama unakanyaga mgomba. Mwenyewe hufurahi kwamba injini imekuwa kimya, ilhali vali inaungua polepole.

Nyingine ni udongo wetu. Injini hizi hupozwa na upepo unaopita kati ya mapezi ya silinda. Hapa kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, udongo mwekundu unarukia injini, unakauka, unajaza mapezi kama matofali. Ongeza gia ya kwanza, kilima, watu watatu na gunia la majani chai. Upepo utapita wapi? Nimewahi kumponya mtu kwa fimbo ya kuchokolea na mswaki wa zamani, nikamrudishia pesa zake za spea.

Kulikuwa pia na miaka ya petroli ya chupani iliyochanganywa na mafuta ya taa. Injini inagonga, inapata moto kupita kiasi, inakufa. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ilipungua, na nami huona plagi chache zenye masizi ya mafuta hayo.

Kilichobadilika zaidi ni mazungumzo. Zamani mteja aliingia na jibu: nibadilishie kabureta. Siku hizi wengi wa steji za Nyamira na Kebirigo huja na habari: ilizima ikiwa na moto, nilifungua tanki halikuvuta hewa, cheche ilikuwepo. Wanabeba spana ya plagi chini ya kiti. Kijana aliyenipigia simu wiki jana kutoka Ikonge alipima cheche mwenyewe gizani, akiwa peke yake, kisha akaniambia nilete nini. Nilipeleka hicho tu.

Mzee wa redio alifariki, na mita yake niko nayo, na ile koili ya zamani nimeitundika kwa uzi juu ya meza yangu. Mwanafunzi mpya akija, tunaazima sufuria.

Vijana wenzangu wa gereji za Ogembo, Suneka, Nyansiongo na kwingineko: katika masoko yenu bado wamo wazee wanaotengeneza redio, wamekaa na mita zao bila wateja. Mwendeeni mmoja wiki hii, mpelekeeni koili inayowasumbua, na mmnunulie chai.