Hatukuulizwa

Jeshi la Thailand lilikaa siku 10 ndipo likasema: rada yetu iliona ndege isiyojulikana ikigeukia magharibi, dakika chache baada ya ile MH370 kupotea. Sasa mbona mlinyamaza? Jibu: hatukuulizwa moja kwa moja.

Jibu hilo linanikera mpaka leo, msomaji mwenzangu.

Ndege yenyewe wote tunaijua. Boeing 777 ya Malaysia Airlines, ilitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing usiku wa manane, 8 Machi 2014, ikiwa na watu 239. Nchi 26 zikaingia kwenye msako. Ukisikia 26 unasema, lo, dunia imeungana! Kumbe rada ya kijeshi ya Malaysia yenyewe ilikuwa imeiona ikirudi magharibi, na bado watu walikuwa wakiisaka Bahari ya Kusini ya China mpaka tarehe 15. Kila mmoja alileta meli, akaficha macho. Maana ukitaja ulichokiona, umetaja pia jicho lako linafika wapi, na wapi halifiki.

Kwetu upande wa mama ni Pemba. Mvuvi wa kule hamwambii hata mkwewe mwamba anaovulia chewa. Siri ile ndiyo shamba lake. Lakini mwaka mmoja wa kusi kali, mjomba wangu alipokosa kurudi, manahodha walikaa mchangani, kila mtu akasema alikuwa wapi, aliona tanga saa ngapi, likielekea wapi. Wengine walitaja miamba waliyoificha miaka chungu nzima. Hakuna aliyengoja kuulizwa. Mjomba hakupatikana, tusidanganyane. Ila mkewe alijua alipoonekana mara ya mwisho, na kadhi alikuwa na ushahidi wa kushika ilipokuja habari ya eda.

Si kwamba wakubwa hawakufanya kitu. Inmarsat ya Uingereza ilichambua mawasiliano ya kila saa baina ya ndege na setilaiti, msako ukahamia kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Australia, Malaysia na China zikapekua sakafu ya bahari kilomita za mraba 120,000, mpaka Januari 2017. Wapi!

Bahari ndiyo iliyosema bila kuulizwa. Julai 2015 ilitupa kipande cha bawa kisiwani Réunion, na Juni 2016 kingine, basi bwana, Pemba hiyo hiyo. Kikapelekwa Australia, namba zikalingana. Wataalamu wakaona bawa hilo la kutulia huenda lilikuwa limekunjwa, yaani ndege haikuwa ikiandaliwa kutua majini taratibu. Kipande kimoja kilichookotwa ufukweni kikasema mengi kuliko majeshi kadhaa.

Machi 2025 Malaysia ilitia saini mkataba mwingine na kampuni ya Ocean Infinity: ikipatikana, dola milioni 70, isipopatikana, hakuna malipo. Angalau hapo masharti yako wazi.

Niliyasimulia haya yote kwa mkaza mjomba, na rada zangu na setilaiti zangu. Alinisikiliza huku akichambua karafuu, wala hakuuliza rada ni kitu gani.

“Na wale wake zao, mwanangu,” akasema, “washakaa eda?”