Wino wa sindano na hesabu za mwandishi wa kulipwa kwa stori

Wiki hii watu watatu wameniuliza kwa nini vidole vyangu vina madoa meusi kama vya fundi gereji. Jibu fupi ni kwamba najaza wino kwenye katriji za printa zilizokwisha, tena chumbani kwangu, kwa bomba la sindano nililonunua famasi. Jibu refu ni hili hapa.

Mimi ni ripota wa gazeti, lakini ni wale tunaolipwa kwa stori. Stori isipotoka hakuna kitu, na ikitoka unaweza kusubiri hela mpaka mwezi mwingine. Shahada ninayo, lakini mwenye nyumba hapokei shahada. Kwa hiyo jioni nachapa na kuprinti kazi za watu: mikataba ya vyumba, barua za serikali ya mtaa, wasifu wa vijana waliomaliza chuo kama mimi. Natoza shilingi 200 kwa ukurasa. Nikipandisha bei, anayetafuta kazi ataprinti nakala moja badala ya tano, na wote tunajua nakala moja haitoshi.

Sasa twende kwenye hesabu. Katriji nyeusi ya printa yangu nainunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Nimekuwa naandika kwenye daftari, na inanitolea kurasa kama 150. Hiyo ni shilingi 300 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500 ni 14,000, yaani shilingi 28 kila karatasi. Jumla 328. Ukitoza 200 unakuwa unawalipa wateja wako ili waje!

Chupa ya wino ya mililita 100 ni shilingi 12,000. Kila nikijaza natumia mililita kama 5, napata kurasa 130 hivi, na katriji moja huvumilia kujazwa mara tano kabla haijachoka. Ukijumlisha, nimetumia 57,000 kwa kurasa 800. Wino unashuka hadi shilingi 71 kwa ukurasa, ukiongeza karatasi unafika karibu 100. Nabaki na mia yangu, na robo tatu ya chupa bado imejaa.

Kwa nini wino mpya uwe ghali hivyo? Siri iko kwenye biashara yenyewe. Printa ndogo unauziwa bei nafuu, halafu faida inatafutwa kwenye wino miaka yote utakayokuwa nayo. HP walipotoa ThinkJet mwaka 1984 walikuja na katriji ambayo ikiisha inatupwa pamoja na kichwa chake cha kuchapia. Katriji kama yangu bado iko hivyo: wino ukiisha, unatupa na kichwa ambacho bado ni kizima.

Kwa wanaotaka kujaribu, kazi yenyewe ni hii. Tandika gazeti la zamani (tuna mengi). Bandua lebo ya juu polepole, utaona tundu. Ndani kuna sponji, na hilo ndilo linaloshika wino usimwagike. Ingiza sindano taratibu, sukuma wino kidogo kidogo ili usitengeneze mapovu ya hewa, na ukiona wino unapanda kwenye tundu, acha, punguza kidogo. Futa kichwa kwa tishu kwa kukigusa tu, usisugue. Rudisha lebo lakini usizibe njia ya hewa, maana bila hewa wino haushuki. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu, kwa hiyo chovya kijiti cha meno kila tundu ujue rangi yake kabla ya kuingiza chochote.

Jambo kubwa kuliko yote: usisubiri wino ukauke kabisa. Printa za aina hii hupasha wino moto mpaka povu dogo lisukume tone nje, na wino huohuo ndio unaopoza kichwa. Ukiprinti bila wino unakiunguza.

Baada ya hapo printa itaendelea kulia kwamba wino umekwisha, kwa sababu inahesabu matone inayotoa, haipimi wino. Yangu nabonyeza tu, inaendelea. Nyingine hugoma. Septemba 2016 printa nyingi za HP duniani zilianza kukataa katriji za makampuni mengine kwa sababu ya programu iliyokuwa imewekwa ndani yake. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliwatoza faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wateja vizuri kuhusu vizuizi hivyo. Nako Marekani, Mei 2017, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Lexmark dhidi ya Impression Products, kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza katriji za toneri zilizojazwa upya. Lexmark walishindwa. Mahakama ilisema ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha.

Kituko kikaja Januari 2022. Chipu zilipoadimika duniani, Canon walilazimika kuuza toneri zisizo na chipu, wakawaelekeza wateja wao Ujerumani namna ya kupita onyo la mashine kwamba toneri si halisi. Kumbe bila chipu kazi inakwenda!

Sisemi wino wa chupa ni sawa na wa kiwandani kwa kila kitu. Wa bei rahisi hupauka juani na huchuruzika ukilowa, kwa hiyo hati ya kutunza miaka mingi siiprinti kwangu. Na mwenye mtaji anunue printa ya matanki, kama zile Epson walizoanza kuuza Indonesia mwaka 2010. Bei ya kuanzia ni kubwa, lakini unamimina wino kama mafuta ya taa, basi.

Mimi mtaji huo bado. Ila kuna kijana hapa mtaani, diploma anayo, mwezi huu amepeleka maombi ya kazi sehemu saba kwa mkono. Hajaitwa popote. Wiki ijayo anapeleka mengine, na hajawahi kuacha kwa sababu ya bei ya wino.

Nawasilisha.