Mguu wa Kuku

Hapa kwetu bastola inaitwa mguu wa kuku, jina linaloifanya ionekane kama kitu cha kula na ugali. Shangazi yangu alipopata leseni, ukoo mzima uligeuka wataalamu. Chukua kadogo, walimwambia, wewe ni mwanamke, kaingie kwa mkoba. Ushauri wa watu wa sinema. Bastola ndogo nyepesi hupiga teke kali kuliko nzito inayotumia risasi zile zile, kwa sababu uzito ndio unaomeza mshtuko. Na mtutu ukiwa mfupi, kosa dogo la kulenga linakuwa kubwa huko mbele.

Shangazi anauza unga na mafuta kwa jumla. Ameibiwa mara mbili, zote jioni akifunga duka. Alishika bastola kadhaa kabla ya kuamua, akiangalia kama ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Akachagua Glock 19, ya milimita 9, inayobeba risasi 15. Si ndogo, si jitu.

Lakini kabla ya kulipa aliniita jikoni. Naishi kwake tangu niache chuo, na kuna mwaka mzima ambao kutoka kitandani ilikuwa kazi. “Kabla nilete hii kitu kwa hii nyumba, niambie ukweli. Usiku huwa unakuaje?” Nikamwambia kuna usiku mbaya, sio mingi kama zamani. Hakuhubiri. Kesho yake fundi alikuja kufunga sefu ya chuma ukutani. Namba yake siijui. Niliomba nisiijue, naye akasema sawa, tukanywa chai.

Uwanjani nilimsindikiza tu, nikakaa nyuma na viziba masikio. Risasi zake zote zilianguka chini ya shabaha. Mwalimu, mzee mpole hivi, akachanganya risasi bandia kwenye magazini bila kumwambia ziko wapi. Ikafika bandia: hakuna mlio, hakuna moshi, lakini mtutu ukainama kama mtu anayesalimia wakwe.

“Umeona, mama? Unaogopa kabla haijalia.”

Ugonjwa ni huo, na dawa yake inachosha. Kila jioni risasi zinabaki ndani ya sefu, anakagua chemba mara mbili, anaelekea ule ukuta wa mawe, anaweka sarafu juu ya bastola. Anavuta kifyatulio polepole. Sarafu ikianguka, mkono umeshtuka. Mimi nikiwa sebuleni nasikia tu *tik*, halafu kimya, halafu wakati mwingine sarafu ikibingirika sakafuni na shangazi akitukana kwa Kikuyu.

Siku hizi akiwa mita saba, risasi tano zinatosha kwenye kisahani cha kikombe. Kama anaweza kumlenga mtu, hataki kuulizwa. Duka anafunga saa kumi na moja, na wateja wakubwa amewaambia walipe kwa M-Pesa.