Jina Katika Daftari

Mwaka 1973, nilipotimiza miaka saba, bibi yangu alinishika mkono tukatoka Ngamiani, Tanga, kabla umande haujakauka, tukaenda kujipanga mbele ya mlango wa mwalimu mkuu. Cheti cha kuzaliwa hakikuulizwa, kwani wachache walikuwa nacho zama zile. Kipimo kilikuwa mwili wenyewe: mtoto aliamriwa kupitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na vidole vikiligusa sikio la kushoto jina lake liliandikwa, visipoligusa alirudishwa kwao. Vyangu havikufika. Bibi alieleza kwa taadhima siku niliyozaliwa, akajibiwa kuwa nafasi ni chache na wenye mikono mirefu ni wengi.

Niliandikwa mwaka uliofuata, na Novemba ya mwaka huohuo chama tawala, TANU, kikapitisha Azimio la Musoma, ambalo liliivuta shabaha ya elimu ya msingi kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi 1977. Hapo mambo yakageuka: balozi wa nyumba kumi akawa anapita uani kwa uani na kalamu yake akiulizia watoto, na shule iliyokuwa ikitafutwa ikaanza kutafuta. Tulisoma kwa zamu, wengine chini ya mwembe, tukifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba ambao walijifunza ualimu huku wakifundisha. Wapo waliowabeza, mimi sithubutu, maana kijana mmoja miongoni mwao ndiye aliyenifumbua macho katika hesabu.

Kisha bei ya mkonge, uliokuwa uhai wa mji wetu, ikaanguka, hazina ya serikali ikapwaya, na katikati ya miaka ya 1980 ada ikarudi. Mwaka 1995, nilipokwenda kumwandikisha mwanangu, mbele yangu alisimama jirani, mchuuzi wa samaki, mwenye watoto wawili na fedha ya mmoja. Alimwandikisha wa kiume, akatia dole gumba. Wa kike akashika upindo wa kanga ya mamaye, wakarudi naye nyumbani. Nami nilikuwa na akiba mfukoni, nikanyamaza. Kimya kile kinanisuta hata leo.

Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na wanafunzi, ambao nchi nzima walikuwa kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000, wakapita milioni 6.5 mwaka 2003. Yule binti, aliyekwisha kupitwa na umri wa darasa la kwanza, alipokewa katika MEMKWA, mpango uliowekwa kwa ajili ya waliokosa shule.

Januari 2016, elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne, nilimpeleka mjukuu wangu, nikamkuta binti huyo katika foleni, naye sasa ni mama. Darasani watoto walikaa sakafuni, kwa kuwa madawati hayakutosha, nami niliona wazi kwamba jina likishaandikwa huwa ni amana, na amana hiyo hailipwi kwa wino peke yake, bali kwa dawati, kitabu na mwalimu. Lakini zamu ya mama huyo ilipofika aliomba kalamu, akaliandika jina la bintiye kwa mkono wake mwenyewe, polepole, herufi baada ya herufi.